PIKAPU MPYA NA HOFU YA INJINI: JAMBO HILI NI LA CHAMA



Tumezoea kuandika katika kurasa hizi juu ya mishahara, saa za kazi, nyumba na likizo. Leo twataka kuandika juu ya pikapu, na hasa juu ya hofu inayompata mfanyakazi aliyenunua pikapu ambayo bado ni karibu mpya, kisha akaanza kusikia ndani ya injini sauti asiyoielewa. Wako watakaosema kwamba jambo hili si la chama cha wafanyakazi. Twawaomba wasome mpaka mwisho ndipo watuhukumu.

Kila ajuaye pande zetu za Kakamega anajua kwa nini pikapu zimekuwa nyingi. Reli ya kutoka Kisumu hadi Butere haifiki mjini Kakamega. Mali ya shamba haina budi kusafiri kwa barabara. Ndizi za Shinyalu, mahindi ya Malava, mboga za Khayega, kuku, saruji, mabati, hata jeneza la marehemu anayerudishwa nyumbani kutoka mochari, yote hupakiwa katika pikapu. Basi mfanyakazi anayefikiri juu ya siku za uzee, au anayeona kuwa mshahara hautoshi karo ya watoto, mara nyingi hufikiri pikapu. Anakwenda katika chama cha akiba na mikopo, anatafuta wadhamini, anatia sahihi, na makato yanaanza mwezi unaofuata.

Hatumlaumu mtu huyo. Twasema tu kwamba pikapu yaweza kuwa ya mtu mmoja, lakini deni lake ni la watu wengi. Tuchukue mfano. Mfanyakazi akopa shilingi 900,000, na wenzake watatu wamdhamini. Injini ikifa kabla ya deni kwisha, gari halileti kitu. Akishindwa kulipa, mzigo wawaangukia wale watatu, ambao hawakuliendesha gari hilo hata siku moja. Hapo urafiki wa miaka mingi huvunjika, na watu waliokuwa wakifanya zamu pamoja hawasalimiani tena.

Tena kuna jambo la mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara wa mfanyakazi. Maana yake ni kwamba mtu aweza kupelekea nyumbani theluthi moja tu, na bado sheria haijavunjwa. Tukipigania nyongeza mezani na mwajiri kwa miezi mingi, kisha nyongeza hiyo ikaenda yote kulipia injini iliyokufa, je, tumepata faida gani? Fedha imepita mikononi mwetu kama maji katika kikapu. Ndiyo sababu twasema jambo hili ni la chama.

Kwanza na tuulize, gari lililo “karibu mpya” ni lipi? Hapa kwetu neno hili lina maana tatu, na watu huzichanganya. Liko gari lililonunuliwa jipya kabisa kwa wakala wa kampuni, ambalo bado lina dhamana. Liko gari lililotumika humu nchini mwaka mmoja au miwili, kisha mwenyewe akaliuza. Na liko gari lililotumika ng'ambo, mara nyingi Japani, likaletwa kwa meli mpaka Mombasa. Serikali hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka minane tangu mwaka wa kwanza wa kuandikishwa. Basi gari lenye miaka saba laweza kushuka bandarini, likapewa namba mpya ya Kenya, na jirani wote wakasema, “Fulani amenunua gari jipya.” Herufi za namba zasema tu gari liliandikishwa hapa lini. Hazisemi injini ilianza kazi lini, wala ilibeba nini, wala oili yake ilibadilishwa mara ngapi. Mita ya kilometa nayo yaweza kurudishwa nyuma na mtu mwenye hila. Gari la namna hii hukaguliwa kabla ya kusafirishwa, lakini ukaguzi huo hutazama kama lafaa kwenda barabarani. Haukuahidi kwamba injini itaishi miaka kumi.

Pili, na tufahamu kwamba injini ya dizeli ya siku hizi si ile ya wazee wetu. Injini ya zamani ilivumilia mengi. Ya sasa husukuma dizeli kwa nguvu kubwa mno, katika nyingine yapata baa 2,000, kupitia nozeli zenye matundu madogo sana. Dizeli ikiwa na maji au uchafu, au ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, pampu na nozeli huumia, maana dizeli ndiyo inayozilainisha. Uchanganyaji huu ulikuwa umezidi nchini hata mwaka 2018 Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa inayoingizwa, ili bei yake isimvute mchanganyaji. Mtu anayenunua dizeli ya bei rahisi katika madumu kando ya njia anaweka kamari na nozeli zake, nazo ni ghali.

Pikapu nyingi za sasa pia zina turbo, na nyingine zina chujio la masizi katika bomba la moshi. Chujio hilo huhitaji joto kubwa ili kuyateketeza masizi yaliyokusanyika. Gari la kwenda sokoni na kurudi, kilometa tatu tatu kutwa nzima, halipati joto hilo. Kwa upande mwingine, gari linalopanda kutoka Kisumu kupitia Kiboswa, Mbale na Chavakali likiwa limejazwa kupita kiasi, hupata joto kupita kiasi. Kwa hiyo kabla ya kusema “nimeuziwa kasoro,” yafaa tujiulize gari linafanya kazi gani. Muuzaji atatuuliza swali hilo hilo, na yafaa tuwe na jibu.

Hata hivyo, twakataa neno la wale wanaosema kwamba kasoro ya gari jipya siku zote ni kosa la dereva. Tutazame yaliyotokea Australia. Huko watu walionunua Hilux, Fortuner na Prado za dizeli, zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, walilalamika kwamba chujio la masizi lilikuwa na kasoro. Magari hayo yalizidi 260,000. Walishtaki kwa pamoja, na mwezi wa Aprili 2022 Mahakama ya Shirikisho ya nchi hiyo iliamua kwamba kasoro ilikuwamo katika mpango wenyewe wa mtambo ule, hasa gari lilipoendeshwa mfululizo kwa mwendo wa kama kilometa 100 kwa saa. Mwendo huo ni wa kawaida katika barabara zao kuu. Rufaa ziliendelea juu ya kiasi cha fidia, hata Mahakama Kuu ya Australia ikatoa hukumu yake mwezi wa Novemba 2024. Twatoa mfano huu bila nia ya kuchafua jina la gari linalopendwa na wengi hapa. Twautoa ili mwanachama ajue kwamba hata kampuni kubwa ya dunia yaweza kuuza kitu kipya chenye kasoro. Tena ajue kwamba mlalamikaji mmoja hujibiwa “nenda, rudi kesho,” lakini walalamikaji wengi wakisimama pamoja husikilizwa na hakimu.

Sasa twataka kueleza habari ya mwenzetu mmoja wa upande wa Butere, ambaye jina lake halina haja ya kutajwa. Alinunua pikapu ya dizeli katika yadi moja ya magari. Mita ilionyesha kilometa chini ya 60,000. Mwezi wa pili aliona oili inapungua. Alipiga simu kwa muuzaji, akajibiwa kwamba kila gari la dizeli hunywa oili. Mwezi wa nne akaitwa aje siku ya Jumatatu, na alipofika, mtu wa kusema naye hakuwapo. Mwezi wa tano moshi wa buluu ulianza kutoka kila apandapo mlima. Kwa kuwa makato hayangoji, na gari lilipaswa kufanya kazi, alimwita fundi akaifungua injini pale pale kando ya barabara. Tangu siku hiyo muuzaji akasema, “Injini imefunguliwa na watu wengine, mimi simo.” Mwenzetu hakuwa na barua hata moja, wala hesabu ya oili aliyoongeza, wala karatasi yenye tarehe. Kila alilolisema lilikuwa kweli, lakini alikuwa na mdomo tu. Pikapu imesimama chini ya mwembe, na wadhamini wawili wanakatwa mshahara hata leo.

Sisi watu wa reli hatukupaswa kuyaona hayo, kwa kuwa kazi yetu imetufundisha njia nyingine. Dereva wa gari la moshi hapokei injini kwa maneno. Hutazama yaliyoandikwa na mwenzake aliyetangulia: breki ilikuwa namna gani, joto lilifika wapi, mlio gani ulisikika na mahali gani. Akimaliza safari, naye huandika. Karakana haitengenezi uvumi, hutengeneza kasoro iliyoandikwa. Na ikiwa kasoro iliandikwa lakini haikutengenezwa, hapo hujulikana nani aliyelala kazini. Twashangaa basi kwamba mtu huyo huyo, akivua nguo za kazi na kuingia katika pikapu yake mwenyewe iliyonunuliwa kwa deni la miaka minne, hana hata daftari la shule lenye kurasa 32.

Twasema kila mwanachama mwenye gari la mkopo awe na daftari. Aandike tarehe na kilometa kila anapotia dizeli, na jina la kituo alichonunua, na aweke risiti. Akihofu kwamba oili inapungua, aijaze asubuhi mpaka alama ya juu, gari likiwa limesimama mahali tambarare, kisha ahesabu ameongeza kiasi gani mpaka kufika kilometa 1,000. Hiyo ni hesabu ambayo muuzaji hawezi kuicheka. Injini mpya kabisa yaweza kunywa oili kidogo mwanzoni kabla ringi hazijakaa sawa, na ikiwa kipimo kinapungua mwezi kwa mwezi, hofu na iishe. Ikiwa kinaongezeka, hofu ina sababu. Na kama oili inapanda juu badala ya kushuka, ajue kwamba huenda dizeli inaingia ndani ya oili, na asiendelee kuendesha gari hilo huku akisema “Mungu yupo.” Mungu yupo, lakini alitupa macho.

Kadhalika moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, na pengine ni chujio la hewa lililoziba tu kwa vumbi. Moshi mweupe asubuhi ya baridi, unaotoweka baada ya dakika chache, kwa kawaida si neno. Lakini mweupe usiokoma, pamoja na maji kupungua katika rejeta, ni dalili kwamba maji yanaingia yasikotakiwa. Ute mweupe chini ya kifuniko cha oili watisha wengi. Katika nchi yetu ya mvua, kwa gari la safari fupi fupi, waweza kuwa umande tu. Ute huo ukionekana pia katika kijiti cha kupimia oili, basi liegeshe gari na umwite fundi. Haya twayasema ili mtu asipoteze usingizi kwa jambo dogo, wala asidharau kubwa.

Gari likipimwa kwa kompyuta, mwenye gari aombe karatasi ya makosa yaliyosomwa kabla hayajafutwa. Wako mafundi wanaoyafuta kwanza, taa ikazimika, mteja akafurahi na kulipa. Taa imezimika, ugonjwa umebaki, na ushahidi umekwenda. Wala hatusemi hivi kwa kuwadharau mafundi wa jua kali. Wao ni wafanyakazi kama sisi, na wengi wao wana akili ya mikono kuliko watu wenye vyeti. Lakini gari likiwa bado katika dhamana, au kama kuna ubishi na muuzaji, fundi asifungue injini mpaka muuzaji ameandikiwa na kupewa siku ya kuja kutazama.

Sheria nayo haikumwacha mnunuzi mikono mitupu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na habari anazohitaji ili afaidi bidhaa hizo, na fidia kwa hasara iliyotokana na kasoro. Iko Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Iko pia Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo humbana muuzaji ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za namna hiyo. Lakini mwangalie hapo: sheria hii yasema pia kwamba ukiikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi kulalamika baadaye juu ya kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Basi kulizunguka gari na kupiga matairi teke ni hatari kuliko mtu anavyodhani. Kama unakagua, kagua na mtu anayejua. Na karatasi ya mauzo isome yote kabla ya kutia sahihi, hasa mahali palipoandikwa kwamba umelikubali gari kama lilivyo. Kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 ziko Mahakama za Madai Madogo, zilizoanza kazi mwaka 2021, ambako mtu aweza kusema kesi yake bila wakili. Lakini hakimu naye huuliza: barua iko wapi, tarehe iko wapi?

Hayo ni ya mtu mmoja mmoja. Sasa twaja kwa yale ambayo twataka chama kiyafanye. Twapendekeza mambo matatu, na twaomba yajadiliwe katika mkutano wa tawi.

Kwanza, tuzungumze na chama cha akiba na mikopo kwamba mkopo wa gari usitolewe mpaka gari limekaguliwa na fundi asiye wa muuzaji wala wa broka, na ripoti yake isomwe na wadhamini kabla ya kutia sahihi. Mdhamini ana haki ya kujua anadhamini kitu gani. Baada ya ripoti kusomwa, mdhamini akikataa asiitwe adui.

Pili, sehemu ya mkopo isitumiwe kununulia gari, ibaki akiba ya matengenezo ya mwaka wa kwanza. Tumeona watu wengi wanaotoa shilingi ya mwisho kununua gari, kisha hawana ya kubadilisha oili. Mtu wa namna hiyo amejenga mnara bila kuhesabu gharama, kama tulivyosoma shuleni. Afadhali pikapu ndogo yenye akiba kuliko kubwa inayongoja mkopo wa pili.

Tatu, mwanachama mwenye kasoro ya kweli asiende peke yake kwa muuzaji. Mjumbe wa wafanyakazi amsaidie kuandika barua, iwe na tarehe, na nakala ikae katika faili la tawi. Tukifanya hivyo mwaka mmoja tu, tutajua ni yadi ipi inayotajwa mara moja na ipi inayotajwa mara sita. Yule atajwaye mara sita atakapoona barua ya saba imetoka kwa chama, atatafuta kiti cha kumkalisha mgeni.

Wengine watauliza, je, chama kina nguvu hiyo? Twajibu kwamba zamani wafanyakazi wa reli waliulizwa swali hilo hilo walipodai mshahara wa haki. Nguvu haikuwa katika mtu aliyepiga kelele sana. Ilikuwa katika orodha, katika hesabu, na katika watu waliokubali kusimama pamoja siku moja, mahali pamoja, wakisema neno moja. Kazi ya kuuza magari ni halali, na wauzaji waaminifu wapo. Hao hawataogopa daftari letu, wala ukaguzi, wala barua. Watafurahi, maana litawatenga na wale wanaowaharibia jina.

Wenye pikapu waanze kuandika leo. Anayetaka kununua na aje kwanza azungumze nasi. Na aliyeombwa kuwa mdhamini, aulize kwa upole, “Ndugu yangu, fundi amesema nini?” Swali hilo halivunji undugu. Linaulinda.

Mulembe kwenu nyote.

Wenzenu wa Tawi la Kakamega